Pangani: Kijiji cha Waswahili Kilichovunjwa Nairobi

Wako ndugu zetu wa pwani wanaodhani kwamba Nairobi haikujua adhana ila siku hizi. Mimi huwajibu: tokeni Eneo la Viwanda, vukeni reli na Barabara ya Jogoo, mwingie Shauri Moyo na Pumwani. Mtakuta misikiti, madrasa na wazee wanaosema Kiswahili walichokirithi kwa mama zao.

Chimbuko la wengi wao ni Pangani ya zamani. Reli ilipofika Nairobi mwaka 1899, njia ya bara ilikuwa imekwisha kukanyagwa na wapagazi, askari na wachuuzi Waislamu. Walipotua walijijengea vijiji vyao wenyewe: Pangani, Mombasa na Maskini. Nyumba zilikuwa za miti na udongo kwa ramani ya kwetu, ukumbi katikati na vyumba huku na huku. Mwenyewe alikaa kimoja, vingine akapangisha.

Miongoni mwa wenye nyumba walikuwamo wanawake wengi. Baadhi yao walikuwa wa bara, wakasilimu na kuingia katika Uswahili. Mwanamke aliyekosa shamba kwao alipata Pangani paa lake mwenyewe.

Serikali ya kikoloni haikupenda vijiji visivyo mkononi mwake. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 ilitenga Pumwani kuwa mtaa wa Waafrika, na Mombasa na Maskini vikavunjwa. Pangani ilishikilia mpaka mwaka 1939, nayo ikabomolewa.

Waliovunjiwa, wengine walihamia Pumwani. Wengine walipewa nyumba za Shauri Moyo, lakini kwa sharti zito: wakae maisha yao tu, wakifa nyumba irudi kwa baraza la mji. Hapa ndipo penye jeraha. Kwa sheria yetu, alichoacha maiti ni haki ya warithi wake. Mtu aliyeingia na mali alitoka duniani akiwa mpangaji, na wanawe wakabaki mikono mitupu.

Leo Pangani ni jina la mtaa mwingine kabisa. Nawasihi vijana wa Pumwani wayaandike masimulizi ya bibi zao wangali hai. Nasi wa Mombasa, tunaoijua nyumba bila ardhi, tusiisome habari hii kama ya watu wa mbali.