Istilahi za Risasi za Kuwindia: Ganda, Kichwa na Kaliba

Neno risasi limetwikwa mzigo mkubwa kupita kiasi. Asili yake ni Kiarabu, nalo lataja madini yale mazito na laini yayeyukayo kwa moto mdogo, ambayo mafundi wetu wa zamani waliyamimina katika kalibu na kupata vidonge vya kutia bundukini. Kutoka kwenye madini neno likahamia kwenye kidonge. Na bunduki za kisasa zilipoingia, zenye kidonge, baruti na kiwashio katika kifurushi kimoja cha shaba, neno likahamia tena kwenye kifurushi chote. Maana zote tatu zimo bado katika matumizi. Tunasema bomba la risasi, tukikusudia madini. Tunasema daktari alitoa risasi begani, tukikusudia kidonge. Tunasema alikutwa na risasi kumi, tukikusudia vifurushi kumi ambavyo havijapigwa.

Katika mazungumzo hayo hayana madhara, kwa kuwa mazingira humwongoza msikilizaji. Katika maandishi ya serikali mambo ni tofauti. Tangu mwaka 2021, Bunge lilipopitisha kuwa lugha ya sheria iwe Kiswahili, wafasiri wamekabidhiwa sheria ambazo kwa miongo mingi zilisomwa kwa Kiingereza peke yake, zikiwamo Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009 na sheria ya mwaka 2015 ya kudhibiti silaha na risasi. Mtu aliyeokota shambani ganda tupu la shaba, lililokwisha kupigwa, je, amekutwa na risasi? Kiingereza kina maneno matatu ya kutenganisha jambo hili, na hakimu huyasoma kila moja kwa maana yake. Mfasiri akiandika risasi mahali pote patatu, atakuwa ameandika sheria nyingine. Na gharama ya kosa hilo hailipwi na mfasiri bali na mshtakiwa.

Makala haya yanachukua eneo dogo la istilahi hizi, yaani zile zimhusuzo mtu anayechagua risasi za kiwandani kwa ajili ya kuwinda swala na jamaa zake. Mfano wetu ni bonde la Kilombero. Wakazi wa Kidatu watatuwia radhi, maana kwao neno kiwandani, likitajwa bila maelezo, ni kiwanda cha sukari. Hapa twakusudia risasi zilizojazwa na kufungwa na mtengenezaji, kinyume cha zile ambazo mwindaji hujaza kwa mkono wake. Tofauti hiyo si ngeni bondeni. Mwenye gobore amekuwa akijijazia tangu zamani: baruti kwanza, kisha kizibo, kisha risasi ya kumimina au kipande chochote cha chuma kilichopatikana. Gobore halikuhitaji istilahi ya ganda kwa sababu halina ganda. Istilahi hufuata chombo.

Tuanze na sehemu za risasi nzima. Kifuko cha shaba kinachobeba vyote huitwa ganda la risasi, nalo ni jina lililokwisha kuenea; askari, mwindaji na mwandishi wa magazeti wote hulitumia, na hapana sababu ya kulibadili. Kidonge kinachotoka na kuruka ndicho kichwa cha risasi. Jina hili nalo lipo midomoni mwa watu, ila waandishi hulikwepa kwa kuliona la mitaani. Yafaa lipewe heshima yake. Kamusi za zamani zilikuwa na neno popoo kwa maana hiyo hiyo, na kwa risasi nzima zilikuwa na kiasi cha bunduki, yaani kipimo kilichokwisha kupimwa tayari kwa kupigwa mara moja. Hili la pili lilikuwa neno zuri sana, lakini mtu akilitumia leo atadhaniwa anazungumzia bei. Kilichomo ndani ya ganda ni baruti, wala hatuna haja ya kuongeza neno. Kile kifuniko kidogo kitakoni mwa ganda, kinachogongwa na sindano ya bunduki na kuwasha baruti, kiliitwa fataki tangu enzi za bunduki za kugongwa kwa nyundo. Bahati mbaya fataki siku hizi ni mapambo ya moto ya sikukuu. Na tangu kampeni ya redio ya mwishoni mwa miaka ya 2000, ni mzee anayewarubuni wasichana wa shule. Hata hivyo twaona neno lidumu katika fani hii. Neno moja kuwa na maana mbili katika fani mbili si kasoro. Kasoro ni kuwa na maana mbili katika fani moja, kama ilivyo risasi.

Sasa tuje kwenye jambo lenye matata zaidi, yaani kaliba. Hicho ni kipenyo cha mtutu, au cha kichwa cha risasi kipitacho humo, kwa inchi au milimita. Wako wanaopinga neno kaliba kwa hoja kwamba ni Kizungu kitupu kilichovalishwa irabu. Wanaopinga wangefuatilia nasaba yake wangestaajabu. Wanaisimu wengi hukubali kwamba neno hilo la Ulaya latokana na neno la Kiarabu qalib, yaani chombo cha kumiminia. Nalo ndilo lililotupa sisi kalibu, ile ile ambayo mafundi wa pwani walimiminia risasi. Kwa hiyo kaliba na kalibu ni ndugu waliopotezana, mmoja akapitia Ulaya na mwingine akaja moja kwa moja kwa jahazi. Kuyatumia yote mawili, kila moja kwa kazi yake, hakuharibu lugha hata kidogo.

Lakini kukubali neno hakumalizi kazi, kwa kuwa jina la risasi lililochapwa kwenye pakiti si kaliba peke yake. Mfasiri akikuta .30-06 asidhani kuwa namba zote mbili ni vipimo. Ya kwanza ni kaliba kwa inchi, ya pili ni mwaka 1906, risasi hiyo ilipokubaliwa na jeshi la Marekani. Akikuta .30-30, ya pili ilikuwa uzito wa baruti. Akikuta 7x57, ya kwanza ni kaliba na ya pili ni urefu wa ganda, zote kwa milimita. Hakuna kanuni moja. Kila risasi imebatizwa na wazazi wake, na jina lake lote linakiliwa kama lilivyo, bila kutafsiriwa na bila kufupishwa.

Hatari ya kufupisha ni hii. Risasi ya .30-06 na risasi ya .308 zina vichwa vya kipenyo kimoja, inchi 0.308, ila ganda la kwanza lina urefu wa milimita 63 na la pili milimita 51. Karani akiandika katika kibali “risasi za kaliba .30” ameandika jambo la kweli lisilofaa kitu. Risasi ikitiwa katika chemba isiyo yake, ganda laweza kupasuka na kumjeruhi mpigaji. Watu wa Kidatu wanalo funzo la namna hii mbele ya macho yao, maana hapo ndipo zinapokutana njia mbili za reli, moja ya upana wa milimita 1000 na ile ya TAZARA ya milimita 1067. Kwa macho ni reli mbili zinazofanana; lakini behewa la moja halipiti juu ya nyingine, ndiyo sababu pakahitajika mahali pa kuhamishia mizigo.

Kosa la kuchekesha kuliko yote, na pengine la hatari kuliko yote, ni la uzito. Viwanda vya Marekani na Uingereza hupima kichwa cha risasi kwa kizio ambacho jina lake kwa Kiingereza ni lile lile la punje ya nafaka, kwa kuwa zamani kilikuwa uzito wa punje ya shayiri. Mfasiri asiyeijua fani huandika kwamba risasi ina “punje 180”. Mwindaji aliyezoea bunduki ya marisau ataelewa kwamba ndani mna vidonge 180 vidogo vidogo, yaani risasi ya kupigia kanga na kwale. Kumbe ni kichwa kimoja tu chenye uzito wa gramu 11.7! Twapendekeza kizio hicho kiitwe greni, na kila mara gramu ziandikwe kando yake. Greni moja ni gramu 0.0648, greni 7000 ni ratili moja ya Kiingereza. Punje ibaki ghalani.

Kwa nini uzito na umbo la kichwa vimhusu sana mwindaji? Bonde la Kilombero kwa miaka mingi lilijulikana kuwa na sheshe wengi kuliko mahali pengine popote duniani. Idadi yao imeshuka sana tangu miaka ya 1990, na makao yao mengi yamekuwa mashamba na malisho. Sheshe dume ana uzito wa kilo 75 hivi, naye hupenda nyasi za kando ya maji. Akipigwa kwa kichwa kisichofaa hukimbilia matete, akafia huko asionekane. Nyama imepotea, na kwenye daftari la kibali hakuhesabiwa. Hapo ndipo ilipo tofauti ya aina mbili za kichwa. Aina ya kwanza ncha yake ni risasi laini iliyoachwa wazi, na ikigonga mwili hufunguka na kupanuka kama uyoga. Aina ya pili imefunikwa kwa chuma kigumu au imefanywa kwa chuma kitupu, nayo hupenya bila kubadili umbo.

Kwa aina ya kwanza wengine wameandika “risasi inayolipuka”. Hilo ni kosa kubwa. Hakuna kinacholipuka ndani ya kichwa hicho, na risasi za kulipuka ni silaha nyingine kabisa mbele ya sheria. Wengine wameandika “risasi laini”, jambo linalomfanya msomaji afikiri kwamba haina nguvu. Twaona kitenzi kuchanua kinafaa kuliko vyote, kwa kuwa ua huchanua bila kupasuka vipande. Basi tuseme kichwa cha kuchanua, na kinyume chake kichwa kigumu. Ile ngozi ya shaba inayovikwa kichwa isiitwe ganda, kwa kuwa jina hilo limekwisha chukuliwa. Wala isiitwe gamba, kwa sababu ganda na gamba yakisomwa kwa sauti mbele ya darasa au mahakamani yatachanganywa. Koti la shaba latosha.

Kwa swala, sheshe, tohe na kuro, kichwa cha kuchanua ndicho kifaacho. Kwa tembo kinatakiwa kichwa kigumu, chenye kupenya mfupa na misuli minene. Na kwa wanyama wakubwa wa hatari kama huyo na nyati, kaliba ya.375 ndiyo iliyozoeleka kuwa ya chini kabisa katika uwindaji wa kitalii nchini. Risasi za kijeshi zimevikwa koti zima, kwa sababu Azimio la The Hague la mwaka 1899 lilikataza vichwa vya kuchanua vitani. Kwa hiyo kinachokatazwa kwa binadamu ndicho kinachotakiwa kwa swala: vitani ilitafutwa kupunguza ukali wa jeraha, porini yatafutwa kufupisha mateso. Mfasiri asipolijua hili ataona maandishi mawili yanapingana, naye atajaribu “kusahihisha” mojawapo.

Limebaki jina la mnyama mwenyewe. Pakiti nyingi za risasi kutoka Marekani huonyesha picha ya mnyama mwenye pembe za matawi, na maelezo yasema risasi hii yamfaa. Mazoea ni kumtafsiri kuwa kulungu. Kulungu ni mnyama wetu, mwenye pembe zisizo matawi ambazo haziachi maisha yake yote. Yule wa kwenye pakiti huangusha pembe kila mwaka na kuota nyingine. Jamii yake haipatikani porini katika Afrika ila kaskazini, Algeria na Tunisia. Watafsiri wa Biblia walitumia ayala, nalo ni jina zuri la kuendelea nalo. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1991 kuhusu ayala, mathalan, yataka kaliba isiyopungua inchi .240, mfasiri akiandika kulungu hapo, msomaji wa Ifakara atadhani ameelezwa sheria ya kwao. Ila katika maelekezo ya matumizi, ambapo kinachotakiwa ni ukubwa wa mnyama wala si ukoo wake, ni halali kabisa kuandika “mnyama wa ukubwa wa sheshe”. Mwenye kibali atajua mara moja.

Kwa mifano hiyo, maandishi ya pakiti moja yaweza kufasiriwa hivi: “Risasi 20 za kiwandani, .30-06. Kichwa cha kuchanua chenye koti la shaba, greni 180 (gramu 11.7). Kwa wanyama wa ukubwa wa sheshe hadi kuro. Zisitumike katika bunduki ya jina lolote jingine. Linganisha jina hili na maandishi yaliyochongwa kwenye mtutu na yale ya kitakoni mwa ganda.”