MENO YA WATU WA KALE YANATUFUNDISHA

Mtu akifa na kuzikwa, nyama huoza upesi. Mifupa hukaa zaidi. Lakini meno hudumu kuliko vyote, kwa sababu ganda la jino ni gumu kuliko mfupa.

Ukitoka Kyela na kuvuka mto Songwe, unaingia Malawi, katika wilaya ya Karonga. Huko, mahali paitwapo Uraha, mwaka 1991 lilipatikana taya la kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu. Taya hilo lina umri wa miaka zaidi ya milioni mbili. Meno yalikuwa bado yamo.

Wataalamu huyasoma meno kama sisi tunavyosoma gazeti. Mtoto akiugua sana au akikosa chakula wakati meno yake yanaumbika, ganda la jino hubaki na mistari au vishimo. Mtoto hupona, lakini alama hizo hazifutiki.

Mwaka 1921, wachimba madini wa Broken Hill walifukua fuvu la mtu. Mahali hapo leo panaitwa Kabwe, nchini Zambia. Fuvu hilo lina umri wa miaka kama 300,000. Meno yake kumi ya juu yameoza, na mfupa wa taya una alama za majipu. Wataalamu wengine hudhani kuwa ugonjwa huo ulichangia kifo chake.

Jino huozaje? Vijidudu vya kinywani hula mabaki ya chakula, hasa ya sukari. Kisha hutoa tindikali inayotoboa jino. Uchafu ukiingia ndani, usaha hufika kwenye mfupa, hata kwenye damu.

Mtu wa Kabwe hakuwa na zahanati. Sisi tunazo. Kwa hiyo, ndugu msomaji:

Piga mswaki asubuhi na kabla ya kulala.

Wapunguzie watoto pipi na soda.

Jino likiuma, nenda kwa mganga wa meno mapema. Usingoje shavu livimbe.

Mtoto mchanga akiwa na homa au akiharisha, mpeleke zahanati. Usikubali achokolewe ufizi kwa madai ya "meno ya plastiki". Hayo ni meno yake mwenyewe, hayajaota. Majeraha ya namna hiyo yameua watoto. Wengine hupona, lakini meno yao ya ukubwani huota na kasoro, au hayaoti kabisa.