Programu kongwe za C zagoma kwenye kompyuta mpya: usizime kosa, litengeneze

GOMA, Kivu Kaskazini. Programu iliyofanya kazi miaka 20 bila tatizo inaweza kukataa kujengwa siku moja tu baada ya kompyuta kuwekewa mfumo mpya. Hakuna aliyegusa msimbo wake. Kilichobadilika ni kompaila, chombo kinachogeuza maandishi ya lugha ya C kuwa programu.

Mjini Goma, jambo hili si la wanafunzi wa informatika peke yao. Mlipuko wa Nyiragongo wa Mei 22, 2021 uliwakumbusha wakazi thamani ya vipimo vya mitetemeko. Earthworm, programu ya kupokea vipimo hivyo inayotumiwa na vituo vingi vya volkano duniani, ilianzishwa Marekani miaka ya 1990, kwa lugha ya C.

Mgomo unatoka wapi? Zamani C iliruhusu kuita fanksheni ambayo haijatambulishwa. Kompaila ilikisia tu kwamba italeta namba ya aina ya int. Ruhusa hiyo iliondolewa katika kanuni za mwaka 1999, lakini kompaila ya GCC iliendelea kutoa onyo tu. Toleo la 14, lililotoka Mei 2024, liligeuza onyo hilo kuwa kosa.

Makisio hayo yana hatari. Chukua ctime, fanksheni ya kuandika tarehe na saa. Kwenye kompyuta nyingi za leo hurudisha anwani ya kumbukumbu yenye biti 64. Ikidhaniwa ni int, hubaki biti 32, na programu huanguka au husoma mahali pasipo pake.

Anza na kosa la kwanza, kwani moja huzaa mengi. Kwa ctime, ongeza mstari wa kuingiza time.h, kwa getenv, stdlib.h. Fanksheni zako mwenyewe zitambulishe pamoja na aina ya kila kitu zinachopokea. Ukiambiwa jina limetajwa mara mbili, jambo la kawaida tangu GCC 10 ya mwaka 2020, weka extern kwenye faili la .h na uliunde jina hilo katika faili moja tu la .c.

Njia ya mkato ipo: -fpermissive hurudisha makosa kuwa maonyo. Itakuvusha leo, lakini anwani iliyokatwa inabaki imekatwa. Ukimaliza kutengeneza, pitisha data za zamani na ulinganishe majibu.