Kuosha Tumbo: Kabla Hujanunua Ule Unga, Soma Hapa



Nilikuwa Homa Bay kwa kazi ya wiki mbili. Ugali na samaki wa kukaanga kila siku, maji kidogo, kutwa nimekaa kitini. Tumbo likafunga. Jioni moja sokoni nikamkuta muuza dawa na kipaza sauti. Akaniambia, "Baba, utumbo wako umebeba uchafu wa miaka kumi." Sijawahi kuosha tumbo maishani mwangu, lakini siku hiyo nikanunua unga wake.

Niliunywa baada ya swala ya Isha. Kufika Alfajiri nilikuwa nimekwenda chooni mara saba. Miguu ilikaza, kichwa kikazunguka, nikaswali nimekaa. Mama mwenye nyumba ya wageni ndiye aliyenikoroga maji ya chumvi na sukari. "Pole baba, kunywa polepole," akaniambia.

Nilipounusa tena ule unga nikautambua: sanamaki, ile ile waliyotuchemshia bibi zetu. Si dawa mbaya. Imetajwa hata katika hadithi, na mahospitali hutoa vidonge vyake kwa aliyefunga choo. Ikifika kwenye utumbo mpana, vijidudu vya humo huibadilisha, nao utumbo hujikaza na kusukuma. Huchukua kama saa 6 hadi 12. Ubaya ni kipimo: unga wa kijiko cha kukisia hakuna ajuaye una nguvu gani.

Je, kuna uchafu wa miaka kumi? Hakuna. Ngozi ya ndani ya utumbo hujibadilisha yenyewe kila baada ya siku chache, na sumu za mwili huondolewa na ini na figo. Ule wepesi unaousikia asubuhi ni maji na choo vilivyotoka. Ukila na kunywa, uzito hurudi.

Madhara ndiyo ya kweli. Kuharisha sana hutoa maji na madini yanayoendesha moyo na misuli. Mwenye kisukari, figo, moyo au mimba asijaribu bila daktari. Mwenye maumivu makali ya tumbo upande wa kulia chini asinywe kabisa. Huenda ni kidole tumbo, na dawa ya kuendesha yaweza kukipasua.

Kwa watu wa ziwani kuna jambo zaidi. Ziwa Victoria lina kichocho cha matumbo. Dalili zake ni tumbo kuuma, kuharisha, pengine damu kwenye choo. Mtu hudhani ni uchafu, akaosha tumbo kila mwezi, huku mayai ya minyoo yakiharibu ini. Kichocho hakioshwi, hupimwa kwa choo na kutibiwa kwa prazikwanteli.

Vilevile, anayemeza ARV, vidonge vya presha au vya kupanga uzazi ajihadhari. Kuharisha kwaweza kuitoa dawa kabla haijaingia mwilini. Baadhi ya unga huchanganywa na mkaa, na mkaa wa dawa huzinasa dawa nyingine tumboni. Kwa mwenye ARV hilo si la mchezo.

Ikiwa umeshakunywa na unaharisha, chukua lita moja ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Kunywa kidogo kidogo. Ukizidi kulegea, au ukiona damu, nenda hospitali.

Na tumbo likifunga? Maji, papai, maharage, mchicha, mrenda, na kutembea. Mtume (SAW) alitufundisha theluthi ya tumbo iwe ya chakula, theluthi ya kinywaji, theluthi ya pumzi. Choo kikibadilika zaidi ya wiki tatu, au ukikonda bila sababu, usimtafute mwenye kipaza sauti. Mtafute daktari.

Wabillahi tawfiq.