Kebirigo, soko linalosubiri bonasi

MSAFIRI anayetoka mji wa Kisii kuelekea Chemosit hupitia Nyamira, kisha hufika Kebirigo, kituo cha biashara kilichozungukwa na mashamba madogo ya majani chai. Ni soko la mashambani, lakini neema yake hutegemea bei zinazoamuliwa mbali, katika mnada wa Mombasa.

Biashara si jambo geni katika nyanda hizi. Kabla ya ukoloni, Wakisii waliwapelekea majirani wao Waluo nafaka na zana za chuma, nao wakarudi na mifugo, vyungu na chumvi.

Mambo yalibadilika Waingereza walipoanzisha kituo cha utawala Kisii mwaka 1907. Kodi ya kibanda ilidaiwa kwa fedha, hivyo kila boma likalazimika kuuza mazao au nguvu zake. Wafanyabiashara wa Kihindi walifungua maduka, na Kisii ukawa mji ambao masoko madogo ya eneo zima hununulia bidhaa za jumla hadi leo.

Kahawa iliingia katika miaka ya 1930, kisha pareto, na baadaye majani chai. Mwaka 1964 serikali iliunda Mamlaka ya Ustawishaji wa Majani Chai, KTDA, kuwasimamia wakulima wadogo. Mwaka 2000 ilibinafsishwa, ikawa kampuni inayomilikiwa na viwanda vya wakulima wenyewe. Kebirigo ina kiwanda chake.

Majani yaliyochumwa hayangoji. Sharti yafike kiwandani upesi kabla hayajaharibika. Mkulima hulipwa kila mwezi kwa kila kilo, kisha hupata bonasi baada ya hesabu za mwaka kufungwa mwezi Juni. Malipo ya mwezi hununua unga na sukari. Bonasi, inayolipwa mnamo Oktoba, ndiyo hulipa karo, huezeka nyumba mabati na kufuta madeni dukani.

Hapo ndipo penye tatizo. Kwa miaka mingi viwanda vya magharibi mwa Bonde la Ufa vimelipa bonasi ndogo kuliko vya mashariki, kwa kuwa chai yao huuzwa kwa bei ya chini mnadani. Bonasi inapopungua, mkulima hashindwi peke yake. Mwenye duka aliyemkopesha hubaki na daftari lililojaa majina, hukosa fedha za kwenda Kisii kununua bidhaa, na rafu zake hubaki tupu.

Mashamba nayo yanazidi kuwa madogo kadiri yanavyogawanywa kwa urithi. Ndiyo maana familia nyingi hupanda pia ndizi na parachichi. Ndizi haina bonasi, lakini mkungu ukikomaa, mama huupeleka sokoni na kurudi na pesa siku hiyo hiyo. Hata hivyo, madalali wanaopakia malori ya kwenda Nairobi ndio wenye kauli kuhusu bei, maana ndizi iliyokwisha kukatwa haiwekwi ghalani.

Mazao haya mawili yanafunza jambo moja: Kebirigo haikosi bidhaa ya kuuza, inachokosa ni sauti katika kupanga bei. Mkulima anapoongezewa shilingi chache kwa kilo, sehemu ya fedha hizo huonekana kwanza katika maduka yaliyo kando ya barabara ile.