Sindano Iliyotumika Nyumbani Nayo ni Taka ya Hospitali

Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani (WHO), takriban asilimia 85 ya taka zinazozalishwa katika vituo vya kutolea huduma za afya ni taka za kawaida, kama vile karatasi, maboksi na mabaki ya chakula. Asilimia 15 iliyobaki ndiyo yenye hatari. Humo mna sindano, nyembe, pamba na bandeji zenye damu, sampuli za maabara, kondo la nyuma, kemikali na dawa zilizokwisha muda wake. Samaki mmoja akioza, wote wameoza: taka hatarishi zikichanganywa na za kawaida, mzigo mzima huwa hatarishi.

Kwa sababu hiyo, taka hutenganishwa pale pale zinapozalishwa. Katika zahanati, vituo vya afya na hospitali nchini, ndoo nyeusi au ya bluu ni ya taka za kawaida, ya njano ni ya taka zenye maambukizi, na nyekundu ni ya taka zenye maambukizi makubwa. Sindano huingizwa katika kisanduku cha usalama mara tu baada ya kutumika, bila kurudishiwa kifuniko chake, na kisanduku hufungwa kinapojaa robo tatu. Baadaye huteketezwa katika kichomea taka chenye joto kali, na majivu hufukiwa shimoni.

Tahadhari hiyo ina sababu. Mtu asiyechanjwa akichomwa na sindano yenye damu ya mgonjwa wa homa ya ini aina ya B, uwezekano wa kuambukizwa unaweza kufikia asilimia 30. Kwa VVU, uwezekano huo ni takriban asilimia 0.3. Aidha, virusi vya homa ya ini aina ya B huweza kuishi nje ya mwili kwa siku 7 au zaidi. Hivyo, damu iliyokauka si damu salama.

Hata hivyo, si kila sindano hutumika hospitalini. Wagonjwa wengi wa kisukari hujidunga insulini nyumbani, na wafugaji huchoma mifugo yao sindano zizini. Sindano hizo zikitupwa pamoja na taka za jikoni, hufika dampo bila kupita katika ndoo yoyote ya rangi. Anayezipokea ni mzoa taka aliyebeba mfuko begani, muokota chupa, au mtoto anayetafuta bomba la kuchezea. Kuzichoma moto uani hakuondoi hatari: plastiki huungua na kutoa moshi wenye sumu, lakini chuma hubaki majivuni na ncha yake. Kuzitumbukiza chooni nako ni kumhamishia hatari atakayekuja kunyonya au kuzibua choo hicho.

Mwananchi anayetumia sindano nyumbani anashauriwa kufanya yafuatayo:

1. Aiweke sindano, bila kuirudishia kifuniko, katika chombo kigumu cha plastiki chenye mfuniko, kama dumu tupu la sabuni.
2. Akihifadhi chombo hicho mbali na watoto na kukifunga kabisa kinapojaa robo tatu.
3. Amwone Mganga Mfawidhi wa zahanati au kituo cha afya kilicho karibu ili aelekezwe utaratibu wa kukikabidhi. Utaratibu huo aulizie pia kwa dawa zilizokwisha muda.

Endapo mtu atachomwa na sindano iliyotupwa, aoshe jeraha mara moja kwa maji yanayotiririka na sabuni, bila kulikamua wala kulinyonya, kisha awahi kituo cha afya siku hiyo hiyo. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU hutakiwa kuanza mapema iwezekanavyo, isizidi saa 72 tangu tukio, na hutumiwa kwa siku 28. Anayechelewa kwa aibu au kwa kupuuzia hupoteza nafasi hiyo.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazipa mamlaka za serikali za mitaa wajibu wa kusimamia taka. Mkazi atakayeona sindano, chupa za dawa au bandeji zenye damu zimetupwa jaani, mtaroni au kando ya mto asiziguse. Awazuie watoto kusogea, kisha atoe taarifa kwa Mwenyekiti wa Kijiji au Mtaa, Mtendaji wa Kata au Afisa Afya wa Kata, akitaja mahali zilipo.