Mvua ya Kilombero ndiyo maji ya Rufiji

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti letu niseme machache juu ya maji ya Mto Rufiji.

Kila msimu redio hututangazia kama mvua za mkoa wa Pwani zitakuwa za juu au za chini ya wastani. Tunashukuru. Lakini sisi wa bondeni hatuletewi mafuriko na mvua ya Pwani. Zaidi ya nusu ya maji ya mto huu hutoka Kilombero, mengine Luwegu na Ruaha Mkuu, na bonde zima lina kilomita za mraba zipatazo 177,000. Mkulima wa Ikwiriri aweza kuwa anaanika mpunga juani huku gharika yake iko njiani.

Wataalamu wanayo njia ya kuunganisha mambo haya. Hesabu ya kwanza ya kompyuta hukisia mvua itakayonyesha na mahali itakaponyesha. Hesabu ya pili huichukua mvua hiyo na kuuliza: ardhi itakunywa kiasi gani, jua na majani vitarudisha angani kiasi gani, na kitakachobaki kitachukua siku ngapi kuteremka. Jibu lake ni mita za ujazo za maji mtoni kwa sekunde, jambo ambalo milimita za mvua peke yake hazituambii.

Hata hivyo, hesabu hizo hazisimami zenyewe. Tazama milima ya Udzungwa. Upande wa Kilombero hunyesha zaidi ya milimita 1,500 kwa mwaka. Ukivuka kwenda Mtera ni nchi kavu ya mibuyu. Kompyuta inayogawa nchi kwa miraba mikubwa huzichanganya pande hizo mbili. Kuna ndugu wanaodhani kwamba setilaiti imeondoa haja ya mtu wa kusoma kipimo cha mvua na fito ya kina cha maji kila asubuhi. Siafikiani nao hata kidogo. Fito ikichukuliwa na maji isirudishwe, hesabu imekosa wa kuisahihisha. Na msomaji huyo naye alipwe kwa wakati.

Tangu bwawa la Julius Nyerere lianze kujazwa Desemba 2022, jambo hili limezidi uzito. Mitambo yake ni ya megawati 2,115, na wanaoiendesha lazima wajue lini wahifadhi maji na lini wafungulie. Aprili 2024 maji yalipofunika mashamba na nyumba za Rufiji na Kibiti, wengine walilaumu bwawa, wengine wakalaumu mvua, na ubishi ukawa mrefu. Takwimu za maji yaliyoingia na yaliyotoka, zikitangazwa kila siku, zingeukata.

Wala sisemi mafuriko yazuiwe yote. Maji yakishuka sisi hupanda mlau, yaani mahindi na kunde katika tope jipya. Tunachotaka ni kujua mapema ili mwenye mpunga avune na mwenye watoto ahame.

Kwa hiyo naomba wahusika watangaze habari za mto kama wanavyotangaza za mvua: maji yatafika Daraja la Mkapa siku gani, na kwa kina gani. Tangazo hilo lifike kwa wenyeviti wa vijiji siku kadhaa kabla, kwa Kiswahili cha kawaida.

Mkulima,
Ikwiriri, Rufiji.